Udongo wa Twahara

Mama yangu hakupenda mbwa, na hakuwa mtu wa kuficha asichokipenda. Mbwa akipita njiani mbele ya nyumba yetu ya Majengo, pale Moshi, mama alisimama mlangoni na ufagio mkononi mpaka mbwa apotee kwenye kona. Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo siku mwanawe wa kwanza anarudi nyumbani na kumwambia amepata kazi ya serikali. Mama anapiga vigelegele, majirani wanachungulia, mmoja anauliza ni kazi gani, na kijana, kwa kuwa hakujaliwa akili ya kunyamaza, anajibu: ya kuchunguza magonjwa ya mbwa.

Vigelegele vilikatika katikati. Mama aliingia ndani, akajishughulisha na sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Zilikuwa zama za Mwingereza, miaka ya baada ya vita vya pili vya dunia. Mbwa wa mashamba ya kahawa walikuwa wakifa kwa homa inayoletwa na kupe, na wenye mashamba walipiga kelele mpaka serikali ikamleta daktari wa mifugo, Mzungu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa na Kiswahili cha kitabuni. Kazi yake ilikuwa kuwachunguza mbwa wote, wa wakubwa na wa wadogo, kutoka tambarare za Kahe hadi vijiji vya juu mlimani, ajue wamebeba nini katika damu na matumbo yao. Alitafuta wasaidizi wawili wanaojua kusoma. Mmoja alikuwa mtu mzima wa Kilema, Mchaga mcheshi aliyezijua njia zote za mlimani na nusu ya watu wanaokaa kando yake. Wa pili nilikuwa mimi.

Mimi nilikuwa nimekwisha kushindikana kwenye cherehani. Baba alikuwa fundi wa kanzu na suruali, tena fundi wa kuaminika, na alinivumilia muda mrefu. Lakini kila suruali niliyoikata, mguu mmoja ulitangulia mwenzake. Wateja walianza kuuliza kwanza kama mimi nipo, na wakisikia nipo walisema watarudi kesho. Kwa hiyo nilipopata kazi ya mbwa, nadhani baba alishukuru kimoyomoyo, ila mbele ya mama alikunja uso kama inavyotakiwa.

Na kazi ile niliipenda, nisiseme uongo. Siku ya kwanza Bwana Daktari aliniketisha mbele ya darubini, ile ya kutazamia vitu vidogo, akaweka kioo chenye tone la damu iliyotolewa kwenye ncha ya sikio la mbwa mgonjwa. Mwanzoni niliona ukungu tu. Kisha ukungu ukatulia, nikaona chembe za damu zimetandazwa, na ndani ya baadhi yake vijidudu vimekaa viwili viwili, vimechongoka upande mmoja, vimegusana ncha. Nilipiga ukelele. Bwana Daktari alicheka akaniambia, "Hao ndio wauaji. Umewaona, sasa huwezi kusema huwajui." Nilitoka pale natembea juu juu. Maisha yangu yote watu walikuwa wakiniambia sioni mbele yangu, na kumbe nilikuwa nimengoja tu nipewe kitu kidogo cha kutosha.

Nyumbani, hata hivyo, mambo yalikuwa mengine. Mama alikwenda kwa mwalimu wa chuo, yule aliyetufundisha Kurani sote mtaani, akamuuliza kama mwanawe amepotea. Mwalimu alikuwa mpole. Alimwambia kumtibu mnyama si dhambi, na mbwa mkavu akiguswa kwa mkono mkavu hakuna neno. Shida ni umajimaji wake, mate na damu na vinavyotoka nyuma, na hivyo vikikugusa utaosha mara saba, mojawapo kwa udongo safi.

"Mwalimu," mama alisema, "huyu wangu anavifuata hivyo hivyo. Vikavu havitaki."

Akarudi nyumbani ameshaamua. Mama alikuwa mkali kuliko mwalimu, na mwalimu mwenyewe alilijua hilo. Kutoka siku ile sikuruhusiwa kupitia mlango wa mbele nikitoka kazini. Nilizunguka uani, ambako mama aliweka pipa la maji, birika, na udongo. Si kopo la udongo, bali chungu nzima. Aliuchukua kwenye kichuguu nje ya mji, akauponda, akauchekecha kwa chekeche lake la unga ambalo tangu hapo halikurudi tena kwenye unga, akaulundika nyuma ya jiko, chini ya migomba, kwenye kivuli, ili jua lisiukaushe na upepo usiupeperushe. Kila asubuhi aliunyunyizia maji kidogo. Nimeona watu wanaotunza bustani za maua bila bidii ile.

Basi nikawa nanawa hapo kila jioni, mikono na miguu, mama amesimama pembeni anahesabu kwa sauti. Nikiruka moja, tunaanza upya. Kisha napewa chakula changu kwenye sahani yangu, nakaa peke yangu kizingitini, na wenzangu wamezunguka sinia ndani. Wadogo zangu waliona ni mchezo. Mimi niliona ni adhabu, na nilinuna sana, maana nilikuwa kijana mwenye hasira na mpenda pilau ya kwenye sinia, ambayo haifanani kabisa na pilau ya kwenye sahani.

Mlimani kazi ilikuwa na vichekesho vyake. Siku ya kwanza kwenda Kilema, mwenzangu alitangulia kuwaambia jamaa zake kwamba daktari wa serikali atakuja kuangalia mbwa, hasa kupe wao, kwa hiyo wasifichwe. Tulipofika tukakuta mbwa wamefungwa kwenye migomba kihamba baada ya kihamba, yale mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba zao, wanatetemeka, wamelowa, wanang'aa. Watu walikuwa wamewakogesha kwenye mfereji alfajiri kwa maji ya mlimani yanayouma meno, na akina mama walikuwa wamekaa tangu jana yake wakiwatoa kupe mmoja mmoja na kuwatupa motoni. Hatukupata hata kupe wa kuonyesha. Bwana Daktari alishika sikio hili, akashika lile, akaniangalia.

"Mbona hawana kitu?" akauliza.

Bibi mmoja mwenye mbwa mweusi akajibu kwa fahari, "Mgeni akija, si unafagia nyumba? Nasi tumefagia mbwa."

Mwenzangu alijiinamia anacheka mpaka kofia ikamdondoka. Bwana Daktari naye, nampa haki yake, alivua kofia akamshukuru bibi kwa Kichaga, "Aika, mama," akala ndizi alizopewa, na tukarudi na makopo matupu. Safari iliyofuata hatukutoa taarifa.

Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda, na mimi nikazidi kuizoea. Nilijifunza kupaka damu kwenye kioo iwe nyembamba, kumshika mbwa mkali kwa ngozi ya shingo bila kumuumiza, kuzungumza naye taratibu mpaka atulie. Nilijifunza pia kuchunguza mavi ya mbwa kwa maji ya chumvi, mayai ya minyoo yanaelea juu, unayaokota kwa kioo. Haya ya mwisho sikuyasimulia nyumbani.

Kisha mama akaanza kujikuna.

Mwanzoni ilikuwa mkono wa kulia, kati ya vidole. Alidhani ni mbu. Baada ya siku chache niliona mstari mwekundu umeinuka juu ya ngozi, mwembamba, umepinda huku na huku, unaelekea kiganjani. Asubuhi yake mstari ulikuwa umeongezeka urefu. Ukatokea mwingine kwenye wayo, na mwingine karibu na goti. Kilichomtisha si mwasho tu, ingawa ulikuwa unamnyima usingizi. Ni kwamba mistari ile ilitembea. Aliweka alama ya mkaa mahali ilipoishia jioni, na asubuhi ilikuwa imeivuka.

Akaniita. Baba alikuwepo, ameshika kitambaa cha mtu, sindano mdomoni.

"Tazama," mama alisema, akanyoosha mkono. "Wadudu wako wamenifuata mpaka mwilini. Nilikutahadharisha, nikakuwekea maji, nikakuwekea udongo, nikakuhesabia kama mtoto mdogo. Bado umewaleta."

"Mama, mimi nanawa kila siku, unaniona."

"Unanawa hunawi, mimi sijui. Ninachojua, tangu nizaliwe sijawahi kutembewa na kitu chini ya ngozi. Mwisho wa mwezi huu uache kazi hiyo. Usipoacha, utafute pa kulala."

Nilimtazama baba. Baba akatoa sindano mdomoni, akasema, "Mama yako akisema, mimi nimeshasema," akairudisha.

Niliumia. Naweza kusema sasa kwamba sikuwahi kuumia hivyo kabla ya hapo. Sikuweza kumwasi mama. Si kwa woga, bali kwa kuwa nilimpenda, na kwa kuwa niliuona mkono wake. Lakini kurudi kwenye cherehani, nikakate suruali za miguu isiyolingana mpaka uzee wangu, baada ya kuonja kile nilichoonja, niliona ni kama kuambiwa nifumbe macho na nisifumbue tena. Nilikwenda kazini nimevimba kwa hasira.

Bwana Daktari aliona. Aliniuliza, nikamweleza yote, kwa ukali kidogo, kana kwamba yeye ndiye aliyemwingia mama chini ya ngozi. Nilipofika kwenye ule mstari unaotembea, aliacha kalamu.

"Umepinda pinda? Unawasha sana? Unasogea kidogo kila siku?"

"Ndiyo, bwana."

"Huyo ni mtoto wa minyoo ya safura ya mbwa. Mayai hutoka na mavi, huanguliwa kwenye udongo, na mtoto wake akikuta ngozi ya mtu huingia. Lakini mtu si kwao, kwa hiyo hupotea njia, huzunguka zunguka tu chini ya ngozi mpaka afe." Akatafakari. "Hawezi kutoka kwako, wala kwenye nguo zako. Anatoka kwenye udongo wenye kivuli na unyevu, mahali mbwa amefanya haja. Nyumbani kwenu kuna mbwa?"

Nilicheka kwa uchungu. "Bwana, nyumbani kwetu hata picha ya mbwa haingii."

"Basi," alisema, "yuko mbwa msiyemjua."

Ijumaa ile tuliachiwa mapema. Nilirudi nyumbani kabla ya adhuhuri nijitayarishe kwenda msikitini, saa ambayo sikuwa na kawaida ya kuonekana mtaani. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Nikazunguka uani kama ilivyo sheria, na pale nyuma ya jiko, chini ya migomba, katikati ya chungu ya udongo wa twahara, alikuwa amelala mbwa jike wa rangi ya manjano.

Alikuwa amejichimbia shimo la kumtosha, tumbo limezama kwenye udongo wa baridi, chuchu zimejaa maziwa. Alifumbua jicho moja, akanitazama kama mwenye nyumba anayemtazama mgeni asiyebisha hodi, akalifumba. Kwenye ukingo wa chungu niliona alichokiacha, kipya na cha zamani, kimefukiwa kidogo kwa miguu ya nyuma. Ua wetu wa mabua ulikuwa na tundu chini, laini kwa kupitwa pitwa.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma. Mama yangu, aliyeishi kumfukuza mbwa barabarani, alikuwa ametafuta udongo mlaini kuliko wote, akauchekecha, akautia kivulini, akaunyunyizia maji kila asubuhi, akamtandikia mbwa kitanda. Na kila siku akauingiza mkono kuukoroga usigande, na kupiga goti humo miguu mitupu. Nilitazama vidole vyangu. Mkwaruzo mdogo niliokuwa nikijikuna wiki nzima kati ya kidole na kidole, nikadhani ni wa makucha, nao ulikuwa umepinda. Mimi ninayenawa na kusuuza nilipata mmoja. Yeye anayekanda alipata wote.

Kicheko kilikwisha nilipofikiria sehemu iliyobaki. Nani atamwambia?

Nilichota udongo ule kwenye kopo la sigara nikampelekea Bwana Daktari Jumamosi. Aliuweka kwenye kitambaa juu ya maji ya vuguvugu, akasubiri, akachukua tone la chini. Tulipotazama, walikuwa wanacheza humo, wembamba, wanajinyonga huku na huku. Alifurahi kupita kiasi. Nilimwambia mama hatakubali neno langu, kwa kuwa mimi ni mshtakiwa, wala hatakanyaga mahali penye mbwa ili aone mwenyewe.

"Basi darubini itakwenda kwake," alisema.

Jumapili asubuhi, Mzungu mrefu mwenye masikio makubwa alipita katikati ya Majengo amekumbatia darubini ndani ya sanduku lake, mimi nyuma yake na kopo, na nyuma yangu kila mtu asiyekuwa na shughuli. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama alikuwa na hasira lakini mgeni ni mgeni. Alimtandikia mkeka, akaleta kahawa, akajifunga kanga sawa sawa, akakaa mbali.

"Nimekuja kuomba radhi, mama," Bwana Daktari alisema. "Kijana wako ameniambia una maumivu, na unasema yametoka kazini kwangu. Nataka tutazame pamoja. Kama yametoka kwangu, mimi mwenyewe nitamfukuza kazi leo."

Hilo la kunifukuza hatukupatana. Lakini mama alilipenda, niliona.

Darubini iliwekwa juu ya meza ya cherehani ya baba, karibu na dirisha. Mama alikaa. Alifumba jicho ambalo hakutakiwa kulifumba, akasema haoni kitu. Akabadilisha, akaona nyusi zake mwenyewe, akasema kuna msitu. Wadogo zangu walicheka, akawanyamazisha bila kugeuka. Bwana Daktari akasogeza kioo taratibu, na mara bega la mama likatulia. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wanatembea."

"Ndiyo, mama."

"Ndio walio mkononi mwangu?"

"Ndio hao."

"Mmewatoa wapi?"

Bwana Daktari alinitazama mimi. Nikasema, "Uani, mama. Kwenye ule udongo. Kuna mbwa anakuja kulala mchana ukiwa sokoni. Nimemwona kwa macho yangu Ijumaa. Huingia kupitia tundu la ua."

Nilijitayarisha kwa ukelele. Haukuja. Mama aligeuka, akatazama mlango wa uani, na nikaona anafikiri, na fikira ile ilipomfikisha alipofika, alijishika mashavu kwa mikono miwili.

"Udongo wangu mimi?" alisema. "Mbwa amelala kwenye udongo wangu? Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa nikimsafisha mwanangu najisi kwa najisi?"

Hakuna aliyecheka, hata wadogo zangu. Bwana Daktari hakuelewa. Alidhani amesikitika kwa ajili ya minyoo, akaanza kumweleza kuwa hospitali wana dawa ya baridi inayopulizwa kwenye ngozi na kuwaua. Mama hakumsikia. Minyoo aliisamehe papo hapo. Lililomchoma ni kwamba aliyeutandika uchafu ndani ya nyumba, kwa mkono wake, kwa kuhesabu mpaka saba, ni yeye mwenyewe. Nilimhurumia vibaya sana. Kama ningeweza kumrudisha yule mbwa tumboni mwa mama yake ningefanya hivyo.

Mgeni alipoondoka, mama alifungua nyumba nzima. Vyombo vyote vilitoka nje, masufuria, sinia, mabirika, mpaka kinu. Udongo mpya uliletwa kutoka kichuguu kingine, na safari hii aliuanika juani juu ya bati lililowekwa juu ya paa la jiko, ukauke mpaka ulie ukishikwa, kisha akautia kwenye debe lenye mfuniko. Hilo alilibuni mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Tuliosha siku nzima, sote, kila chombo mara saba. Baba alitolewa kwenye cherehani akapewa kinu. Jioni mama alikwenda kwa mwalimu, akarudi ametulia kidogo. Mwalimu alimwambia asiyejua halaumiwi, na kwamba yeye mwalimu, katika miaka yake yote, hakuwahi kuona mtu aliyejitahidi kukosea kwa nia njema namna ile. Mama alilirudia hilo zaidi ya mara moja, na sikuwa na hakika kama amelielewa ni sifa au utani. Hata mwalimu sidhani alikuwa na hakika.

Kuhusu kazi yangu hakusema kitu. Alikwenda hospitali, wakampulizia ile dawa ya baridi, mistari ikaanza kufifia, na bado hakusema kitu. Siku za mwezi zilikuwa zinakwisha. Mimi sikuthubutu kuuliza, kwa sababu mama akiulizwa kabla hajawa tayari hujibu hapana, na hapana yake haina mlango wa nyuma. Nilinawa jioni kwa udongo wa debeni, nikala kizingitini, nikangoja.

Siku moja ya mapumziko, alasiri, nilisikia mama anapiga kelele uani. Nilitoka mbio. Yule mbwa wa manjano alikuwa amerudi. Chungu haikuwepo tena, lakini mahali pake palibaki pabichi na palaini, naye alikuwa amejilaza pale pale, na mara hii amekuja na watoto wake, wamejipanga tumboni wananyonya. Mama alikuwa amesimama mbele yake na ufagio ameuinua juu. Mbwa alikuwa amemtolea meno. Hakuna aliyesogea.

Jirani yetu alikuwa amepanda juu ya kinu kwao, kichwa chake kimetokeza juu ya ua, anatoa ushauri. "Mpige! Mmwagie maji ya moto!"

Mama alishusha ufagio taratibu. Aliwatazama wale watoto. Sitaki kusema alilainika, kwa sababu hakuwa mtu wa kulainika, alisema tu, bila kunigeukia, "Mzazi hamwagiwi maji ya moto." Kisha akasema, "Wewe. Njoo umshike."

"Mimi, mama?"

"Sasa nani, baba yako?"

Nilisogea kama nilivyofundishwa, upande upande, nimeinama, naongea naye kwa sauti ya chini maneno yasiyo na maana. Nilikaa naye chini mpaka meno yakaingia ndani. Nikamwekea mkono shingoni. Akanuna, akaguna, akauacha. Nikawatia watoto wake kwenye kikapu mmoja mmoja, mbele ya pua yake ili aone, nikanyanyua kikapu, naye akasimama akanifuata. Mama alikuwa amebaki pale pale anatazama mikono yangu. Nilikuwa nimefanya kazi ile miezi mingi, na ilikuwa mara ya kwanza kuniona naifanya.

Mwenzangu wa Kilema aliwachukua wote kesho yake, tukawapa dawa ya minyoo, na mbwa yule akaishi kihambani kwake na kunenepa. Lakini alasiri ile, nilipomfungia kwanza kwenye banda la kuku lililokuwa tupu na kurudi pipani, nilimkuta mama ameshika birika mwenyewe. Hakuwa amewahi kunimiminia maji. Alimimina, na alipofika kwenye zamu ya udongo alifungua debe, akachota kwa mkono wake uliopona, akanitia viganjani.

Jirani alikuwa bado yuko juu ya kinu. "Makubwa!" alisema. "Mwanao amemshika mbwa kwa mikono yake, hivi hivi, nawe unamtazama!"

"Ndiyo," mama alimjibu, bila kuacha kumimina. "Nani mwingine mtaa huu angemweza?"

Nikainamisha uso, maana ulikuwa umeanza kulowa. Mama akaendelea kuhesabu, na alipofika sita akakosea, akarudia tano, nami sikumsahihisha.